Maswali ya Wasomaji: Mtoto Amelala, Kwa Nini Si "He Has Slept"?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mlezi wa mtoto katika familia ya wageni inayoishi hapa Dar es Salaam. Mama wa mtoto alinipigia simu kutoka kazini akiuliza mwanawe anafanya nini, nikamjibu, "He has slept." Akafurahi, kisha akauliza kama nimeshampa maziwa ya kuamkia, ilhali mtoto alikuwa bado yuko usingizini. Nimekosea wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, kilichokuponza ni kiambishi "-me-", ambacho wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mwenzake wa Kiingereza ni "has" au "have", na somo likaishia hapo. Katika Kiswahili kiambishi hiki kina kazi mbili. Kikiambatana na vitenzi kama kula, kuandika na kufika, hueleza kwamba tendo limekamilika, na hapo "has eaten", "has written" na "has arrived" huwa sahihi. Lakini kikiambatana na vitenzi vinavyomwingiza mtu katika hali fulani, kama vile kulala, kusimama, kuketi, kuvaa, kuchoka na kuolewa, husimulia hali ambayo mtu yumo wakati huohuo wa kuzungumza. Tukisema "amevaa kanzu", kanzu ingali mwilini.

Kiingereza hakiunganishi mambo hayo mawili. Anayesikia "He has slept" huelewa kwamba usingizi umeshapita, na ndiyo maana mama yule alidhani mtoto ameamka. Ulitakiwa kusema "He is asleep" au "He is sleeping". Vivyo hivyo, amesimama ni "He is standing", ameketi ni "He is sitting", amevaa kanzu ni "He is wearing a kanzu", amechoka ni "He is tired", ameolewa ni "She is married", na mlango umefungwa, kwa maana ya kwamba hauko wazi, ni "The door is closed".

Kuna kipimo ambacho unaweza kukitumia kichwani kabla ya kufungua kinywa. Tanguliza neno "bado" mbele ya kitenzi, kwa maana ya kwamba hali inaendelea. "Bado amelala", "bado amesimama" na "bado amechoka" ni sentensi zinazoeleweka, kwa hiyo tumia "is". "Bado amekula" haisemeki, kwa hiyo tumia "has". Kipimo hiki hakimfai marehemu, maana hakuna asemaye "bado amekufa". Huyo, ukieleza hali yake, ni "He is dead", ingawa anayetoa taarifa ya msiba husema "He has died", tena kwa sauti ya upole zaidi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Kiingereza kilikuwa hivi tangu zamani. Biblia iliyotafsiriwa kwa amri ya Mfalme James na kuchapishwa mwaka 1611 inasema "he is risen" pale ambapo sisi tunasema "amefufuka", na hadi leo mtu aliyeondoka asionekane huitwa "gone": "He is gone". Mabaki ya namna hiyo ni machache, na si busara kuyaiga kwa vitenzi vingine.

SWALI: Mwalimu wangu alikata kwa wino mwekundu sentensi "I have met him yesterday". Mbona sisi husema "nimekutana naye jana" na hakuna anayelalamika?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi. Katika Kiingereza, ukishataja wakati ambao umekwisha, kama "yesterday", "last week" au "in 2019", huna budi kuacha "have" na kusema "I met him". Maneno kama "today" na "this week" hayana ukali huo, kwa sababu siku au wiki yenyewe haijaisha. Ukiwasikia Wamarekani wakisema "I already ate" mahali ambapo Waingereza wengi wangesema "I've already eaten", usimtie mtu makosa. Hapo pana tofauti ya nchi tu.

SWALI: Ninahudumu mapokezi katika hoteli. Mgeni aliniuliza, "So breakfast isn't included?" Nikajibu "Yes", kwa kuwa kweli chai ya asubuhi haimo katika bei ya chumba. Asubuhi alikunywa chai, akagoma kulipa. Je, ni mimi au ni yeye?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, kwa Kiswahili ulijibu vyema. Mtu akituuliza "Chai haimo?", husema "Ndiyo, haimo", tukikubaliana na maneno ya muulizaji. Mwingereza hatazami maneno ya muulizaji. Hutazama kitenzi cha jibu lake mwenyewe. Kikiwa na "not", jibu huanza na "No": "No, it isn't." Chai ingekuwemo, ungesema "Yes, it is." Kwa hiyo "Yes" yako ikiwa peke yake ingeweza kumfikia kwa maana zote mbili, naye akachagua ile iliyompendeza mfukoni.

Jihadhari pia na "Would you mind waiting?", kwa kuwa swali hilo huuliza kama utaona vibaya kungoja. "Yes" kavu humaanisha kwamba utaona vibaya. Jibu la adabu ni "Not at all", japo utawasikia wenye lugha wenyewe wakijibu "Sure" na mambo yakaenda. Mahali penye fedha usiishie kwenye "yes" wala "no", malizia sentensi: "No, it isn't. Breakfast is paid for separately."