Kwa mafundi mitambo wapya: someni hesabu za Fugazi kabla ya kuiga bei yake

Nimeletewa tena rekodi iliyomiksiwa, yaani kuchanganywa sauti za ala na za mwimbaji, alfajiri. Vijana walioileta walikuwa na macho mekundu na furaha ya watu waliokesha pamoja, na kabla sijaketi wakanieleza kwamba wamefanya kazi yote kama Fugazi, bendi ya punk ya Marekani: siku chache tu, studio ndogo, bila lebo ya kutoa rekodi, bila meneja, na onesho la uzinduzi litakuwa na kiingilio cha chini kabisa. Nawapenda vijana hawa, na ndiyo maana sikuwajibu palepale. Bendi waliyoitaja nimeifuatilia kwa miaka mingi, nikijifunzia kazi kwa makosa na mafanikio yake, na karibu kila walichodhani wamekiiga ni kitu ambacho bendi ile yenyewe ingewazuia kukifanya. Kwa hiyo naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wengine wanaoingia sasa katika kazi ya mitambo ya sauti, ziara na studio.

1. Kiingilio. Kila mtu anajua kwamba Fugazi, bendi ya Washington iliyopanda jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 3 Septemba 1987, ilitoza kama dola 5 mlangoni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hata ilipokuwa ikijaza kumbi kubwa. Wachache wanajua kwamba bei hiyo ilipatikana kwa kalamu na karatasi. Ian MacKaye, mwimbaji na mpiga gitaa, ndiye aliyepiga simu na kupanga maonesho, kwa hiyo hapakuwa na wakala wa kukatiwa asilimia wala meneja wa kulipwa mshahara. Wanamuziki walisafiri kwa gari pamoja na vyombo vyao na mara nyingi walilala kwa marafiki. Walipoweza, walizikwepa kumbi zinazoishi kwa mauzo ya pombe, wakapiga katika kumbi za makanisa na za jumuiya, ambako vijana wa umri wowote waliruhusiwa kuingia. Rekodi zao zilitolewa na Dischord, lebo ambayo MacKaye na wenzake waliianzisha mwaka 1980, wakiwa vijana wadogo, ili tu kutoa nyimbo za bendi yao ya wakati huo, Teen Idles. Lebo hiyo haisainishi bendi mikataba, bali hugawana nazo faida. Ukishaziondoa gharama hizo zote, ndipo dola 5 za kila aliyeingia zinapogeuka kuwa fedha ya kuwalipa watu na kutia mafuta kwenye gari.

Ninyi mmekodi taa zinazozunguka, mmeweka walinzi wa kampuni, mmemwahidi mshereheshaji posho ya maana, halafu mmeshusha kiingilio. Tofauti hiyo itatoka mfukoni mwa nani? Itatoka kwa fundi mitambo, kwa sababu yeye ndiye anayelipwa mwisho, na anayelipwa mwisho mara nyingi huambiwa apige simu Jumatatu. Kumbukeni pia kwamba Fugazi haikuuza fulana wala kofia zenye jina lake, yaani ilijinyima fedha ambazo bendi nyingine za ziara hulia ugali kwazo. Mnaotaka kiingilio chao anzeni na gharama zao, na mkishaona jinsi zilivyokuwa ndogo, mtaelewa kwa nini waliubeba mzigo wao wenyewe.

2. Saundcheki, yaani kupima sauti kabla ya onesho. Katika "Waiting Room", wimbo unaofungua rekodi yao ya kwanza ya mwaka 1988, ala zote hukatika ghafla karibu na mwanzo na kuacha ukimya kabla ya kurudi kwa pamoja; fundi anayeujaza ukimya huo kwa mwangwi apewe kazi ya kuuza tiketi.

3. Orodha ya nyimbo. Fugazi haikuwa nayo. Walipanda jukwaani bila kujua wimbo wa tatu utakuwa upi, wakaelekezana kwa ishara na kwa milio ya gitaa, na aliyekaa kwenye mixa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, kwa miaka mingi Joey Picuri, ilimpasa azijue nyimbo zote za bendi. Kwa hiyo msiniambie kwamba mmekosea kwa sababu hamkupewa karatasi.

4. Miksi ya usiku wa mwisho. Hapa nitakaa kidogo.

Albamu ya Repeater ya mwaka 1990 walirekodi na Ted Niceley katika Inner Ear, studio ya Don Zientara huko Arlington, Virginia, ng'ambo tu ya mto kutoka Washington. Ilipofika zamu ya albamu iliyofuata, Steady Diet of Nothing, iliyotoka mwaka 1991, Niceley alikuwa akisomea upishi, nao wakaamua kujisimamia. Wanamuziki wanne wa bendi walikuwa watu wa kuheshimiana sana, waligawana kila kitu sawa na hata nyimbo waliziandika kwa jina la bendi nzima. Heshima hiyo ikawaponza walipoketi mbele ya mixa, kwa kuwa kila mmoja aliona vigumu kumwambia mwenzake kwamba gitaa lake limezidi au ngoma zake zimezama, na miksi ikatoka ya tahadhari, kavu, isiyomwudhi yeyote kati yao. Mkiirudia leo baada ya kuisikiliza Repeater mtaona kwamba nyimbo ni nzuri na nguvu imebaki chumbani.

Mwaka 1992 wakaenda Chicago kwa Steve Albini, fundi ambaye jina lake lilitosha kuwafanya vijana wa wakati ule wauze gitaa ili walipie siku mbili za studio. Mpango ulikuwa kujaribu nyimbo chache. Wakaelewana, wakacheka, kazi ikanoga, na siku chache baadaye albamu nzima ikawa imekamilika. Waliporudi nyumbani na kuisikiliza kwa utulivu, uhai hawakuuona. Albini naye aliisikiliza upande wake, akawaandikia kwa faksi kukiri kwamba kazi haikufikia kiwango. Wakaiweka kando yote, wakarudi Inner Ear na Niceley, wakaanza upya. Albamu ilitoka Juni 1993 kwa jina la In on the Kill Taker, na ikawa ya kwanza yao kuingia katika orodha ya albamu 200 ya jarida la Billboard.

Furaha ile ya Chicago naijua kwa sababu iliniharibia kazi niliyoidhani bora kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Bendi ilikuwa ya vijana watano, na fedha ya studio walichangiwa na ndugu, shangazi akitoa alichokuwa nacho na mjomba akiahidi alichokosa. Tulirekodi vizuri. Tulipendana. Usiku wa mwisho tulimiksi huku spika zikinguruma, watu wakiingia na kutoka, kila anayeingia akisema besi iongezwe, nami nikaiongeza, kwa kuwa nilitaka kila mtu atoke akiwa na furaha. Karibu na alfajiri kiongozi wao, kijana mpole, akaniuliza, "Kaka, si tungelala kwanza, tukaisikiliza kesho?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu mzima aliyeona mengi kwamba kazi iliyoiva haihitaji kulazwa. Asubuhi hiyohiyo ikapelekwa kuzalishwa kopi.

Nilikuja kuisikia nyumbani kwa mama yake, kwenye redio ndogo iliyokuwa juu ya kabati la vyombo. Besi niliyoiongeza mara zote zile haikusikika kabisa, maana spika ile haikuwa na uwezo wa kuitoa, na sauti ya mwimbaji ilikuwa imezama chini ya kila kitu. Mama alisikiliza wimbo mzima akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu, kisha akaniuliza, "Baba, mwanangu anaimba wapi humu?" Sikuwa na jibu, na jambo ninaloliona baya zaidi hadi leo ni kwamba nililitengeneza jibu. Nilisema kiwanda kimeharibu kopi. Kijana aliniamini, akaenda kugombana na watu wa kiwandani, akarudi akiwa ameaibika, nami nikaendelea kunyamaza kwa muda mrefu mno, hadi bendi yenyewe ikasambaa na kukiri kwangu kukawa hakuna wa kukusikia isipokuwa yeye mmoja, ambaye tayari alikwishajua.

Ndiyo sababu katika historia yote ya Fugazi ninaihusudu faksi ile kuliko rekodi yoyote. Fundi mwenye jina kubwa kuliko wote waliokuwamo chumbani aliwaandikia mwenyewe kwamba kazi ya mikono yake haikufaa, wakati ambapo angeweza kusingizia vyombo, muda, au mkono wa mpiga gitaa. Ninyi mlioniletea miksi ya alfajiri mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Laleni. Sikilizeni mchana, kwa sauti ya chini, kwenye simu na kwenye redio ya jikoni, na mwimbaji akipotea humo mrudisheni kabla mama yake hajauliza.

5. Fujo ukumbini. MacKaye na Guy Picciotto, mwimbaji mwenzake, walikuwa na tabia ya kusimamisha wimbo katikati walipomwona mtu akiwapiga au kuwakanyaga wenzake mbele ya jukwaa. Walimwomba aache, kwa lugha ya heshima iliyowachekesha wengine, na asipoacha alitolewa nje na kurudishiwa dola zake 5, ambazo zilikuwa zimewekwa tayari kwenye bahasha. Lililo letu hapa ni dogo: mwimbaji akianza kuzungumza usimzimie maikrofoni, na usimwekee muziki wa kusubiria kana kwamba onesho limekwisha. Nimeona fundi akifanya yote mawili kwa pamoja, huku ugomvi ukiendelea gizani.

6. Kubeba vyombo. Nasikia manung'uniko kuhusu nyaya na maboksi. Joe Lally, mpiga besi wa Fugazi, alikuwa mbeba vyombo wa bendi ya Beefeater kabla ya kuungana na MacKaye. Picciotto, ambaye tayari alikuwa na jina mjini kutokana na Rites of Spring, bendi aliyokuwamo pamoja na mpiga ngoma Brendan Canty, hakuwamo katika Fugazi ilipoanza. Alijiunga baadaye kama mwimbaji msaidizi asiye na chombo, na gitaa hakulipiga katika rekodi mbili fupi za mwanzo, ambazo baadaye ziliunganishwa kuwa 13 Songs. Alianza kulipiga kwenye Repeater. Mnaweza kubeba spika kwa miezi michache bila kuandika barua ya malalamiko.

7. Kurekodi maonesho. Hili nalisema kila mwaka na kila mwaka naonekana mzee msumbufu. Onesho la mwisho la Fugazi lilifanyika London tarehe 4 Novemba 2002, mwaka mmoja baada ya albamu yao The Argument. Hawakutangaza kuvunjika. Walisimama, Canty akiwa na familia inayokua, MacKaye akapiga katika bendi ya The Evens na Amy Farina, Lally akaishi Italia kwa muda. Bendi nyingine ingebaki na picha na ugomvi wa mirabaha. Hawa walikuwa na kanda: kati ya maonesho zaidi ya 1,000 waliyoyapiga, zaidi ya 800 yalikuwa yamerekodiwa na mafundi wao kutoka kwenye mixa, kwanza kwa kaseti, kisha kwa vyombo vya kidijitali kadiri vilivyopatikana. Desemba 2011 wakaanza kuyaweka kwenye intaneti, kwa bei wanayoipendekeza ya dola 5 kwa onesho, ingawa mnunuzi anaweza kulipa dola 1 au 100 akitaka. Kuna maonesho ambayo milio ilikatika na mengine ambayo waliimba ovyo, nayo yamewekwa.

Hilo liliwezekana kwa kuwa kuna watu waliohangaika kujua kila kanda ni ya mji gani na ya usiku upi. Katika kabati la studio yetu ipo kaseti iliyoandikwa "Onesho zuri" na nyingine iliyoandikwa "Onesho zuri la pili", na hakuna aliye hai anayejua ni bendi gani. Andikeni tarehe, ukumbi, mji, majina ya nyimbo na jina la aliyekaa kwenye mixa, juu ya kanda yenyewe na si kwenye boksi, maana maboksi huazimwa na hayarudi.