Zahanati Inayojipima Yenyewe: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Tuliwaomba wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na wananchi wanaovitumia, watuandikie kuhusu kinachowakwamisha katika kuboresha huduma. Barua nne zimechaguliwa kwa sababu kila moja inagusa jambo ambalo wengine wengi wamelitaja. Zimefupishwa, na majina ya waandishi na ya vituo vyao yameachwa.

Mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji katika Mkoa wa Singida. Tuko watumishi wanne: mimi ni tabibu, kuna wauguzi wawili na mhudumu wa afya mmoja. Kwenye tathmini ya nyota, yaani upimaji wa ubora wa vituo vya afya, tulipata nyota mbili. Tukisikia wakaguzi wa halmashauri wanakuja, tunafagia, tunabandika miongozo ukutani na kujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma, vilivyoachwa wazi. Wakishaondoka, baada ya wiki mbili tatu tumerudi pale pale. Tufanye nini ili mabadiliko yadumu?

Ndugu Mganga Mfawidhi, unayoyaeleza ni maandalizi ya ukaguzi, na hiyo ni kazi tofauti na kuboresha huduma, ingawa mara nyingi zinafanywa na watu wale wale kwa ufagio ule ule. Tathmini ya nyota ilianza mwaka wa fedha 2015/16 chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, kwa lengo kwamba ifikapo katikati ya mwaka 2018 asilimia 80 ya vituo vya msingi viwe vimefikia nyota tatu au zaidi. Katika duru ya kwanza karibu theluthi ya vituo havikupata hata nyota moja. Katika duru ya pili, mwaka 2017/18, vituo visivyo na nyota vilibaki vichache sana, lakini vilivyofikia nyota tatu vilikuwa takriban kimoja tu kati ya vitano. Kwa maoni yangu matokeo hayo yanaonyesha kwamba kutoka sifuri kwenda moja au mbili kunawezekana kwa usafi, mpangilio na kumbukumbu, ila hatua zinazofuata zinadai kitu ambacho mkaguzi hawezi kukileta ndani ya gari lake.

Bila shaka mmefundishwa zile S tano, hatua za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Zilitoka katika viwanda vya Japani, zikatumiwa katika Hospitali ya Wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, na mwaka 2007 zikaanza kutumika katika hospitali ya rufaa Mbeya. Ni njia nzuri. Tatizo ni kwamba vituo vingi huishia S ya tatu, kwa sababu tatu za mwanzo zinaonekana kwa macho na kupigwa picha, ilhali kusanifisha maana yake ni kukubaliana kwa maandishi nani anafanya nini, saa ngapi, na akiwa likizo nani anashika nafasi yake.

Ninapendekeza mchague jambo moja la tiba, si la jengo, ambalo mnalifanya kila siku na ambalo mnaweza kulihesabu wenyewe. Tuchukue mtoto anayeletwa akiwa na kikohozi. Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, ambao nchini Tanzania umetumika kwa zaidi ya miaka 20, unaagiza pumzi zake zihesabiwe kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Kwa mtoto mchanga aliye chini ya miezi 2, ni 60 au zaidi. Ni kipimo kisichohitaji umeme wala kitendanishi, na hata hivyo mara nyingi hurukwa, kisha mtoto akapewa dawa ya amoksilini asiyoihitaji au akanyimwa anayoihitaji.

Fungueni kitabu cha wagonjwa wa nje na kumbukumbu za matibabu, mchukue watoto 20 wa mwisho waliokuja na kikohozi, mhesabu ni wangapi wameandikiwa idadi ya pumzi. Pasipoandikwa, chukulieni kwamba haikuhesabiwa. Msitafute mkosaji, kwani mfawidhi akianza kwa kuuliza ni nani aliyeacha, kesho yake kila mstari utakuwa umejazwa namba za kubuni. Ulizeni badala yake kwa nini haifanyiki. Huenda hakuna saa yenye mshale wa sekunde chumbani. Huenda mtoto anafika kwa tabibu akiwa tayari analia kwa kuwa ametoka kuchomwa kidole cha kipimo cha malaria, na anayelia hahesabiki pumzi. Ikiwa ndivyo, kosa limo katika mpangilio wa hatua, na dawa yake ni kuhesabu kabla ya kidole kuchomwa, mtoto akiwa bado mapajani kwa mama yake kwenye benchi.

Jaribuni hivyo siku moja tu, kwa watoto watano. Muuguzi ahesabu na aandike kwenye karatasi ya mgonjwa, nawe uhesabu tena chumbani mlinganishe. Jioni mkae mwone kilichoshindikana, mrekebishe, mjaribu tena wiki nzima. Huo ndio mzunguko wa panga, tenda, kagua, rekebisha ambao mmeusikia kwenye semina, na faida yake ni udogo wake: jaribio la watoto watano likishindwa, hakuna aliyeumia. Katika siku hizo angalieni pia kama foleni imerefuka, na kama kuna mtoto mwenye dalili ya hatari aliyesubirishwa kwa ajili ya kuhesabiwa pumzi. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiye na fahamu apitishwe mbele mara moja.

Kila Ijumaa wekeni nukta moja kwenye karatasi ya manila, upande ambao watumishi wanaiona wao kwanza, si pale mgeni anapopita. Mkikaa na jambo hilo moja kwa miezi kadhaa hadi nukta zikatulia juu, liandikeni katika mgawanyo wa majukumu na katika maelekezo ya mtumishi mpya, kisha ndipo mchukue la pili. Na vitabu vilivyoachwa wazi, msivijaze kwa kukisia. Idadi ya uongo ya wagonjwa inawaletea kiasi cha uongo cha dawa katika oda inayofuata.

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya, Mkoa wa Lindi. Kiongozi wetu ni mtu mwema, lakini kikao cha asubuhi ni cha kugombezwa, na wahudumu wa afya hawaitwi kabisa. Hivi karibuni nilimweleza daktari pale mlangoni kwamba mama aliyejifungua presha imepanda. Akaitikia "sawa" na kuondoka. Baadaye ilionekana hakunisikia. Mama yule alipona, ila mimi sijatulia.

Dada yetu, pole, na una haki ya kutotulia. Taarifa iliyotolewa mlangoni na kujibiwa "sawa" bado haijafika, hata kama aliyeitoa na aliyeipokea wote ni watu makini.

Kubalianeni kituo kizima kwamba taarifa ya mgonjwa aliye hatarini ina sehemu nne: ni nani, kuna nini, unadhani ni nini, na unaomba nini. Kwa mfano: "Daktari, ni mama wa kitanda cha tatu, amejifungua saa nne zilizopita. Presha ni 160 kwa 110 na kichwa kinamuuma. Nina hofu ya kifafa cha mimba. Naomba uje sasa hivi, nami naandaa magnesiamu." Kisha anayeambiwa arudie kwa maneno yake: "Kitanda cha tatu, 160 kwa 110, nakuja." Mwanzoni watu watacheka, wataona ni igizo. Vumilieni, kwa sababu sehemu ya nne, ya kuomba jambo mahususi, ndiyo tunayoiruka zaidi. Tumelelewa kutomwamuru mkubwa, basi tunamdokeza tukitumaini atajiongeza. Kusema "naomba uje sasa" ni adabu tupu, wala hakuna amri ndani yake.

Kuhusu kikao, mwombe kiongozi wenu ajaribu mwezi mmoja tu kikao cha dakika kumi, watu wakiwa wamesimama, chenye maswali matatu: mgonjwa gani wa jana au wa rufaa tunapaswa kujua ameishia wapi, kitu gani kimekwisha au kinakaribia kwisha, na nani hayupo leo na kazi yake anaishika nani. Wote wawepo, akiwamo mhudumu wa afya, wa mapokezi na mlinzi. Mlinzi ndiye anayejua mama aliyefika saa nane usiku akakuta mlango umefungwa akarudi nyumbani, na habari hiyo haimo katika kitabu chochote. Kiongozi aanze kwa kumuuliza aliye mdogo kicheo, maana daktari akishasema kwanza, waliobaki hukubaliana naye tu. Makosa ya mtu binafsi yazungumzwe faragha, siku hiyo hiyo.

Mimi ni mkulima, nimechaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa zahanati yetu wilayani Kondoa. Sisi si wataalamu. Tunaitwa kusaini mihtasari, tukihoji tunaambiwa shida ni uhaba wa majengo. Kazi yetu hasa ni ipi?

Mzee wetu, shikamoo. Kazi yenu ni kubwa kuliko saini. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na zinatumika kwa mpango ambao kamati inapaswa kuujadili na kuuidhinisha. Kwa hiyo mna haki ya kuuliza kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kisha kwenda kukiona kilichonunuliwa kwa macho yenu.

Majengo yanahitajika, sikatai. Lakini tume ya wataalamu iliyoandaliwa na jarida la Lancet mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati vifo milioni 8.6 kwa mwaka vingeweza kuepukwa kwa huduma za afya, na kwamba milioni 5 kati ya hivyo ni vya watu waliofika kwenye huduma lakini huduma yenyewe ikawa duni. Waliofariki kwa kutofikiwa walikuwa milioni 3.6.

Kuhusu dawa, msiulize kama zipo au hazipo, kwani mtajibiwa "zipo baadhi". Chagueni dawa kumi ambazo kijiji chenu hakiwezi kukaa bila hizo, mwombe leja, mwone kila moja ilikosekana kwa siku ngapi katika miezi mitatu iliyopita. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa ya serikali, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, kwa utaratibu wa halmashauri. Mfumo huo ulianzia Dodoma, mkoa wenu, mwaka 2014. Swali lenu liwe: oda iliandikwa tarehe gani, jibu la Bohari lilikuja lini, na mshitiri aliombwa lini? Mara nyingi kuchelewa kumelala katikati ya tarehe hizo, na hapo ndipo mnapoweza kusaidia.

Sanduku la maoni liacheni liwepo, ila msilitegemee. Asiyejua kuandika halitumii, na anayejua anahofia mwandiko wake. Wajumbe wawili wakae mahali pa mbali kidogo na geti siku ya kliniki, wawaulize wanaotoka maswali machache yasiyo na jina: ulisubiri muda gani, ulielezwa unaumwa nini, unajua dawa hii unaimeza vipi, kuna jambo ulitaka kusema ukashindwa? Mama asiyeweza kueleza namna ya kumpa mtoto dawa aliyoishika mkononi ametoka na huduma nusu, hata kama hakulalamika.

Mimi ni muuguzi wa zahanati katika Kaunti ya Kilifi, Kenya. Wagonjwa wetu wa presha huja mara mbili au tatu kisha wakapotea. Kila siku tunaona wapya, lakini hatujui wa zamani wako wapi.

Ndugu Muuguzi, hamjui kwa sababu rejista imepangwa kwa tarehe, na mtu mmoja ametawanyika katika kurasa kumi. Mpeni kila mgonjwa wa presha kadi yake, na kadi zikae katika sanduku lenye vyumba 12, kimoja kwa kila mwezi. Anayetakiwa kurudi Novemba, kadi yake iingie Novemba. Mwezi ukiisha, kadi zilizobaki katika chumba hicho ndizo za waliopotea, majina na nambari za simu vikiwa tayari mkononi.

Wapigieni simu, na wasiopatikana muwape wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu uzinduzi wa Septemba 2023 wana mikoba yenye kipima presha na kipima sukari. Wasiende kama askari. Waulize sababu, waiandike: dawa zilikuwa zimekwisha, nauli haikupatikana, au alijisikia mzima akaona amepona. Kila sababu ina jibu lake, na kwa wengi ambao presha imetulia, kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja pale zinapotosha kutaondoa safari nyingi zisizo na haja. Sheria ya Kenya ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 imeweka mitandao inayounganisha zahanati na hospitali iliyo jirani, basi dai lenu la dawa lipelekeni katika mkutano wa mtandao mkiwa na idadi ya kadi.

Kipimo chenu kiwe hiki: kati ya wote walioandikishwa nusu mwaka uliopita, wangapi safari ya mwisho walikuwa chini ya 140 kwa 90? Asiyerudi ahesabiwe kuwa hajadhibitiwa, la sivyo takwimu zitapendeza kwa kadiri wagonjwa wanavyotoroka. Na kabla ya kuamini namba yoyote, hakikisheni mgonjwa amekwenda msalani, amepumzika dakika tano, ameegemea, mkono uko usawa wa moyo, na mkanda wa kipimo unalingana na mkono wake. Aliyeshuka bodaboda sasa hivi na kupimwa akiwa amesimama kwenye foleni ataongezewa dawa asizozihitaji.