Kubadilisha majina hakukingi kitabu cha siasa

SWALI: Kwa miaka 9 nimeandika uchambuzi wa siasa katika gazeti la hapa Goma, na sasa nataka uwe kitabu. Mchapishaji mmoja ananishauri nibadilishe majina ya wakubwa, niandike «hadithi ya kubuni» kwenye jalada, kisha nimlipe dola 400 anitafutie ISBN, ile namba ya kitabu. Anasema hapo hakuna wa kunishitaki. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na inauma kuona ushauri huu ukiharibu kazi za waandishi wazuri, Goma na Bukavu.

Kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinamhusu anayemtaja mtu hadharani, kwa nia mbaya, kwa jambo mahususi linalomvunjia heshima. Kifungo chake ni siku 8 hadi mwaka 1. Ukiandika «Gavana K.», ukaweka mwaka aliotawala na mkataba wa barabara aliosaini, mji mzima umeshamjua, na yeye amejijua. Tena kwa kuiita hadithi umeukana ushahidi wako mwenyewe: msomaji hana sababu ya kukuamini, wala avoka wako hana pa kuanzia.

ISBN ni tarakimu 13 za kutambulisha toleo la kitabu, basi. Haki yako ya uandishi haitoki huko; inatoka kwenye kazi yenyewe, kwa Sheria-amri 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986.

Kinachokinga kitabu ni faili. Kila tuhuma iwe na karatasi yake: sentensi ilivyo kitabuni, hati au rekodi inayoibeba, chanzo cha pili ambacho hakikusikia habari kutoka kwa cha kwanza, tarehe uliyomwomba mtuhumiwa majibu, na alichojibu. Akinyamaza, andika ulimfikia kwa njia gani na ulimpa siku ngapi. Mahojiano ya Kiswahili yanakiliwe kwanza kwa Kiswahili, neno kwa neno, ndipo yatafsiriwe. Tafsiri ya haraka huongeza ukali ambao shahidi hakuutamka. Vyanzo vilivyo hatarini viandikwe kwa alama, na orodha ya majina ikae mbali na faili, mbali na nyumba yako.

Makala za zamani ziombee gazeti ruhusa ya maandishi. Uliyoyakosea usiyafute kimyakimya: iache makala na tarehe yake, sahihisha chini ya ukurasa.

Kitabu cha Mbelgiji Ludo De Witte juu ya kuuawa kwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kilichotoka mwaka 1999, kililifanya bunge la Ubelgiji liunde tume ya uchunguzi. Majina yalikuwemo yote. Nguvu yake ilikuwa kwenye nyaraka.

Wanaoitwa wachapishaji na kuishi kwa pesa za waandishi hawawezi kukupa nguvu hiyo. Wengine huuza hata sifa za magazetini na vyeti vya «kitabu bora», na mwandishi wa siasa akijulikana alinunua sifa, hata uchambuzi wake wa kweli hudhaniwa umenunuliwa. Kabla ya kutoa dola moja, muulize mtu huyo amesoma sura ngapi za mswada, nani atahakiki tuhuma, nakala ngapi zitachapwa, zitauzwa wapi, na haki zikirudi kwako ni baada ya muda gani. Majibu yawe kwenye mkataba uliosainiwa. Akikataa kuandika, chukua mswada wako uondoke.