Re: Mtoto akicheza mpira, nisimame wapi?

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 6 akicheza usimame mstarini au ukae mbali. Mimi hukaa chini ya mti, hatua kama 30 hivi, akigeuka anione, basi. Zamani nilikuwa nashinda mstarini pale Nkuhungu, hapa Dodoma, "piga! rudi!", kocha naye anaita, mtoto akabaki kasimama ananitazama mimi, mpira ukampita miguuni. Aibu niliyoona! Kinachotaka jicho lako ni maji: kiangazi cha Dodoma upepo unakausha jasho upesi, mtoto hajijui kama ana kiu. Akianguka, hesabu hadi 10 kwanza. Wengi huinuka wenyewe, wanajipangusa vumbi, hao. Ila akishika kichwa usihesabu, ingia uwanjani.