Kabla Hujafika Buchani, Pitia kwa Muuza Mbaazi

Mtu akitaka kununua chakula kisichozidisha joto la dunia, swali la kwanza analouliza ni kimetoka wapi. Swali zuri, ila mimi ninayeinunulia familia chakula hapa Dar es Salaam nimelishusha hadi nafasi ya tatu. La kwanza ni hiki ni chakula gani, na la pili, kitakula mkaa kiasi gani hadi kiive.

Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha utafiti uliokusanya takwimu za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119. Kwa vyakula vingi, usafiri ulichangia sehemu ndogo tu ya gesi zinazozidisha joto la dunia; nyingi zilitoka shambani na zizini. Ng'ombe akicheua hutoa methani, gesi inayonasa joto kuliko hewa ukaa zaidi ya mara 25 kwa kipindi cha miaka 100. Mbaazi hujitafutia naitrojeni, kirutubisho cha mmea, hewani kwa msaada wa bakteria walio mizizini, hivyo mkulima hahitaji mbolea nyingi ya kiwandani. Simsemi mfugaji wa nyika kame ambako mazao hayastawi. Nasema na sisi wa mjini tunaochagua.

Kwa hiyo sokoni anza kwa muuza nafaka. Mbaazi nazipigia debe kwa sababu nyingine pia: mwaka 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, ilipoweka ukomo wa kuziagiza, bei ziliporomoka na wakulima wetu wakaumia. Tukizila wenyewe kwa wingi, wanapata mnunuzi wa karibu.

Chota kiganjani uziangalie. Kagua vitundu vya wadudu, kisha muulize muuzaji kama ni za msimu huu. Usione haya kuuliza, maana mbaazi au maharage yaliyokaa sana ghalani hukauka yakawa magumu, unachochea jiko mchana kutwa na bado yanagoma. Ukifika nyumbani zioshe, ziloweke usiku kucha, mwaga yale maji, bandika na maji mapya, funika sufuria. Chumvi na tui tia zikishalainika. Mimi huchemsha za siku mbili kwa moto mmoja. Nusu naiunga kwa nazi, nusu naihifadhi kwenye friji. Huo mkaa unaookolewa ni miti iliyobaki imesimama, na hapa watu wengi wanaojali mazingira hawapaangalii kabisa.

Kitoweo kikihitajika, dagaa waliokaushwa juani ni chaguo jema: hawataki barafu wala friji. Nyama ya ng'ombe kwetu hupikwa mara chache, ikikatwa vipande vidogo ndani ya ndizi au njegere, na ladha yake inatosha sufuria nzima.

Kisha kuna kinachooza. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula duniani, nyingi majumbani. Nyanya ndizo zinazotuponyoka zaidi, kwa hiyo kwenye fungu omba mchanganyiko: zilizoiva za mchuzi wa leo, ngumu za keshokutwa. Zikianza kulegea, zisage zote uzichemshe na kitunguu hadi maji yakauke. Rojo hilo likiwa frijini, mboga ya kesho huiva upesi.