Wavulana wa kidato cha pili kutoroka mazoezi ya kwaya

Pole sana mwalimu, lakini usiwaadhibu. Umesema mwaka jana waliimba vizuri na mwaka huu wanajificha bwenini. Hao sauti zinavunjika! Mvulana akibalehe zoloto (kile kiungo cha sauti kooni) linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, basi noti inampasukia katikati ya wimbo, wenzake wanacheka. Kesho atarudi kweli?

Mimi nilifundisha kwaya ya sekondari Mafinga, na kilichowarudisha wangu ni kumsikiliza kila mmoja peke yake, dakika mbili tu, bila watazamaji. Nikajua anaishia wapi juu na wapi chini. Hata noti tano au sita zinamtosha kwa sasa. Mtungie kipande kinachokaa humo humo. Rudia kumpima kila baada ya wiki chache, maana sauti bado inashuka, na usiharakishe kumwita besi, yaani sauti ya chini kabisa ya kiume. Uzuri wa solfa, zile noti za do, re, mi, ni kwamba do inahama: ukiishusha kidogo, wimbo mzima unashuka nayo na hakuna anayelazimika kujifunza upya. Kicheko nilikipiga marufuku kabisa, hapo nilikuwa mkali.

Na baridi yetu ya Juni, jamani, msianze na wimbo mzito saa kumi na mbili asubuhi. Wavume kwanza midomo ikiwa imefungwa, kisha wapande do hadi so taratibu. Dakika kumi hivi zinatosha.

Anza na wale wawili uliosema walikuwa viongozi wa sauti. Wakirudi hao, wengine watafuata.