Barua kwa mwanangu: kabla tajiri wako hajalinunua gari lile

Mwanangu,

Picha zote nimezipata, na maelezo ya muuzaji nimeyasoma usiku mpaka macho yakauma. Umeniuliza: ikiwa bodi imejengwa upya, viti vimeshonwa upya na rangi ni ya juzijuzi, tajiri wako atakuwa amenunua Rolls-Royce ya 1914 kweli, au sanamu yake? Umefanya vizuri kuuliza sasa, kabla hujalikagua. Nimeshona viti na hudi za magari ya zamani tangu hujazaliwa, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyajua kwa mikono yangu.

Enzi zile kiwanda hakikuuza gari zima. Kiliuza chasisi: fremu, injini, giaboksi, rejeta na magurudumu. Mnunuzi aliipeleka kwa waunda bodi, kina Barker au Hooper wa London, akaagiza anachotaka, ya kufungwa yenye vioo au ya wazi yenye hudi ya turubai kama hii uliyonitumia. Wapo waliokuwa na bodi mbili kwa chasisi moja, ya majira ya baridi na ya kiangazi, wakizibadilisha kama nguo. Magari hayo yalipozeeka, mengine yaligeuzwa ya kubebea maiti, mengine ya kuvuta magari mabovu. Basi usishangae kukuta chasisi ya 1914 imevaa bodi isiyo yake ya kwanza. Hilo si kosa. Kosa ni mnunuzi kufichwa.

Sasa soma tena maneno ya muuzaji: "bodi ya wazi kwa mtindo wa Barker." Kwa mtindo! Ingekuwa ya Barker angeandika "ya Barker", tena juu kabisa. Hajasema uongo, ila amekuachia wewe ujidanganye. Leo wanunuzi wengi wanapenda gari la wazi, na chasisi nyingi zilizokuwa na bodi za kufungwa zimevuliwa zikavishwa bodi mpya za wazi. Gari la namna hiyo linaweza kuwa zuri mno, mimi mwenyewe nimeyashonea viti kwa moyo mkunjufu, lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na ya lile lenye bodi yake ya asili.

Wala jina la Silver Ghost, ambalo gari la aina hii huitwa, lisikutie kiwewe. Mwanzoni lilikuwa la gari moja tu, lenye chasisi namba 60551, la 1907, lililopakwa rangi ya fedha. Aina yenyewe kiwandani iliitwa 40/50. Yalitengenezwa karibu 7,900 hadi 1926, na zaidi ya 1,700 kati ya hayo yalitoka kiwanda chao cha Springfield, Marekani. Kinachotofautisha moja na jingine ni kumbukumbu zake. Chama cha Rolls-Royce Enthusiasts' Club cha Uingereza kinatunza kumbukumbu za chasisi zilizotoka kiwandani. Omba za gari hili, uone aliyekabidhiwa chasisi mara ya kwanza na bodi aliyoivisha. Kisha uinamie injini kwa tochi, usome namba iliyogongwa kwenye chuma, uilinganishe na iliyo kwenye karatasi. Usisomewe na mtu.

Ukishamaliza karatasi, nenda kwenye viti. Hapa ndipo nataka utulie.

Chini ya ngozi na mabati ya bodi hizi kuna kiunzi cha mbao, aghalabu eshi, mti wa Ulaya usiokatika upesi. Ngozi hushikiliwa na misumari midogo iliyopigiliwa kwenye mbao hiyo. Kila fundi anayebadilisha ngozi hung'oa ya mwenzake na kupiga yake, na haiingii matundu yaleyale. Kiunzi kilichoishi miaka mia moja kina matundu tele, mengine yamezibwa, mengine yana duara jeusi la kutu. Kiunzi kipya kina mstari mmoja tu, msafi kama mshono wa mwanafunzi. Mwombe muuzaji, kwa adabu, akuruhusu kuinua kona ya ngozi nyuma ya kiti cha nyuma, pale chini pasipoonekana. Papase ndani pia. Zamani tulijaza singa za farasi, zinakwaruza na kurudi taratibu ukizibonyeza. Ukikuta sponji, ujue kiti ni cha juzi.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa msichana, nililetewa viti vya gari la zamani vimechanika vibaya. Nilibandua kila kitu, singa nikazichoma moto, na mbao nikaipiga msasa mpaka ikawa nyeupe, kwa kuwa nilitaka kazi yangu ionekane safi. Gari likauzwa. Miezi baadaye akaja mtu anatafuta namba ya bodi, ambayo waunda bodi wengi waliigonga kwenye mbao. Nilikumbuka mara moja. Nilikuwa nimeiona, tarakimu nne, nikadhani ni alama ya fundi seremala, nikaifuta kwa mkono wangu. Bodi ile ilikuwa ya asili, na baada ya siku hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha. Mpaka leo sipigi msasa mbao ya gari kabla sijaipiga picha kila upande.

Mengine utayaona upesi. Vyuma ving'aavyo vya 1914 mara nyingi vilichovywa nikeli, yenye umanjano wa joto kidogo. Ukiona mng'ao wa samawati, hiyo ni kromu, iliyoenea kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1920, na fundi aliyelikarabati akapitiwa na hilo amepitiwa na mengine. Waambie wasiiwashe injini kabla hujafika, ili uone inavyowaka ikiwa baridi, na uweke kiganja kwenye boneti kuhakikisha ni ya baridi. Mkilitoa barabarani, kumbuka gari la mwaka huo lina breki za nyuma tu, basi msishuke mlima kwa mbwembwe.

Kwa swali lako: chasisi na injini zikikubaliana na kumbukumbu, ni Rolls-Royce ya 1914, hata ikiwa bodi ni mpya. Mwambie tajiri wako hivyo, na umwambie pia umri wa bodi, ili alipe akijua.

Ukifika kwenye ile kona ya kiti, nipigie picha ya mbao kabla ya kitu kingine chochote. Weka sarafu pembeni ya matundu nijue ukubwa wake, na usiifute vumbi.

Mama yako